Pua Iliyosifu Mafuta ya Taa

Loresho, Nairobi
12 Februari 2024

Kwako Mjomba Nashon,

Barua yako ya Krismasi imenifikia mwisho wa Januari. Karani wa vifurushi pale River Road aliiweka chini ya gunia la ndizi la mtu mwingine akaisahau. Niliifungulia kazini, na Masila, mwenzangu wa meza moja, akasema inanuka ndizi mbivu kurasa zote mbili.

Natumai hujambo, na kwamba goti la Auntie Rasoa limekubali baridi ya Kimilili. Muchiri hajambo. Bado anafundisha fizikia, na bado anaamini yeye ndiye anayeendesha nyumba hii. Amehamia kulala kwenye kochi, lakini usishtuke, hatujagombana. Anasema nakoroma. Juzi mbele ya wageni alisema, "Huyu siku hizi anakoroma kama lori ya mchanga ikipanda Kangemi." Wageni wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Ni vumbi tu la Januari. Daktari wa kliniki ya hapa jirani alisema ni aleji, akanipa tembe na dawa ya kupulizia. Kuna vitone viwili vitatu vya damu kwenye leso asubuhi, basi.

Kazi inaendelea pale mjini. Bado nalipwa kunusa kahawa, kuifyonza kwa kijiko kwa kelele na kuitema, ile kazi uliyosema ulipoiona mara ya kwanza kwamba mama hakunilea niteme mate mbele za watu. Nitumie pakiti yako ya mwisho wa msimu nikuonjee, kama kila mwaka.

Mpwa wako,
Njambi

Kimilili
1 Machi 2024

Njambi binti Nanyama,

Salamu kutoka kwa goti la Rasoa, ambalo sasa linatabiri mvua kuliko redio. Ng'ombe amezaa, ndama ni jike. Katika Kanisa la Marafiki wamenichagua tena kuwa mweka saa, yaani mtu wa kumwashiria mhubiri kwamba tumechoka. Wanajua sisikii mahubiri, kwa hivyo siwezi kunogewa nikasahau saa.

Usiniulize tena kuhusu simu. Nitashika simu ya nini, mtu ambaye masikio yake yalibaki River Road ndani ya mashine za kuchapa? Barua haipigi kelele, na naisoma mara tatu.

Hii hapa kahawa ya mwisho. Nimeimenya mwenyewe kwa mashine ya mkono, nimeiosha na kuianika, na Rasoa ameikaanga kidogo kama ulivyomfundisha. Niandikie cheti changu kama unavyowaandikia wazungu. Usinipendelee. Jirani zangu wa chama cha ushirika wanangoja nikisome kwa sauti, na unajua sauti yangu mimi mwenyewe siisikii, kwa hivyo nitasoma kwa nguvu zote.

Mjomba wako,
Nashon

Loresho
4 Aprili 2024

Mjomba mpendwa,

Samahani kwa kuchelewa. Minada imetubana, na wiki mbili hizi kichwa kimekuwa kizito.

Cheti chako ndicho hiki, nimeonja peke yangu jioni wenzangu wakiwa wameshatoka. Harufu: maua ya mlimau. Ladha: sukari guru, na uchachu msafi kama wa zambarau. Mwisho wake ni mrefu na mtulivu. Alama themanini na saba. Wasomee jirani zako, na uwaambie wasikuroge.

Muchiri anakusalimu. Nitaandika vizuri zaidi nikipata nafasi.

Njambi

Kimilili
13 Aprili 2024

Mwanangu Njambi,

Sote hatujambo, na ndama amepata jina. Sasa nisikilize.

Cheti chako sikukisoma mbele ya mtu yeyote. Siku ilipofika, Rasoa alikwenda kuchukua nusu ya kahawa ile iliyobaki atupikie. Alipofungua kabati alirudi nyuma. Kumbe nilikuwa nimeziweka pakiti zote mbili kwenye debe ninamoweka faneli ya mafuta ya taa. Faneli ilivuja. Kahawa ile inanuka mafuta ya taa toka mlangoni. Mbuzi ameikataa. Na pakiti uliyoonja wewe ilikaa siku nne ndani ya debe hilo hilo.

Wewe umenusa maua ya mlimau.

Nilisoma prufu miaka thelathini na moja pale River Road. Kazi yangu haikuwa kusoma kilichoandikwa, ilikuwa kuona kilichoruka. Nimezitoa barua zako zote nikazipanga mezani. Tangu ukiwa darasa la tano hujawahi kuniandikia bila kusema "mimi ni mzima." Ya Februari, Muchiri hajambo, mimi unatumai sijambo, hata goti umeliulizia. Wewe hujajitaja. Ndizi zilimnukia Masila, si wewe. Ya Aprili hivyo hivyo, na ndani yake kuna kichwa kizito. Halafu kuna damu kwenye leso, ambayo uliiandika haraka kama mtu anayeruka dimbwi.

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu miaka kumi na minne. Mama yako aliniambia Agosti, hapa jikoni kwetu, kwamba ana kitu kama punje ya mahindi kwenye titi. Aliniapisha nisiseme mpaka wewe umalize mtihani wako wa chuo. Nikanyamaza mwaka mzima. Ulipomaliza mtihani, punje ilikuwa imekuwa kubwa kuliko dawa. Nilimpenda dada yangu nikamsaidia kufa. Sina namna nyingine ya kulisema.

Kwa hivyo safari hii sinyamazi. Uende kwa daktari wa pua, si wa aleji. Nani anajua zaidi yako?

Nashon

Loresho
25 Aprili 2024

Mjomba,

Hamjambo.

Kwa hiyo mlijua, wewe na mama. Mwaka mzima nilikuwa nakuja Kimilili likizo, nakula kuku wenu, na mnanitazama mkijua. Ningeacha mtihani mara kumi. Mngeniuliza.

Kuhusu pua yangu, ni mafua. Kazi yangu ni pua. Ukianza kuuliza watu wa kahawa kama mwonjaji fulani bado ananusa, hata jibu likiwa ndiyo, amekwisha. Usimwandikie Muchiri. Usimwandikie mtu.

Njambi

Kimilili
20 Mei 2024

Njambi,

Una haki ya kukasirika. Kasirika, ila usikasirike ukiwa umekaa.

Sina maneno mengine. Ndani ya kifurushi hiki kuna ile nusu ya kahawa, haijaguswa. Mpe Masila anuse. Usimwambie chochote, mtazame tu uso.

Nashon

Loresho
17 Juni 2024

Mjomba wangu,

Pole kwa kukuacha bila neno. Natumai goti, ndama na mweka saa wote wako salama. Huku kumetokea mengi, keti.

Pakiti yako ilikaa kwenye begi langu siku tisa. Siku ya kumi niliiweka mezani mbele ya Masila kabla ya vikombe vya asubuhi. Alifungua kidogo tu. "Ai! Njambi, hii ni mafuta taa! Toa hii kitu hapa kabla Obuya aingie, itaharibu meza yote!" Alikuwa amekunja uso mzima, macho yanamtoka machozi. Mimi nikaingiza pua ndani ya pakiti kama ng'ombe kwenye ndoo. Hakuna. Karatasi tu.

Nitakuambia ambacho sijamwambia hata Muchiri, maana naona familia yetu imechoka na siri. Tangu Oktoba nimekuwa nikimwacha Masila atangulie kuzunguka meza. Anapopenda kikombe, nyusi zake hupanda. Anapokikataa, shavu la kushoto huingia ndani. Nilikuwa naonja uso wa Masila, Mjomba. Ulimi ulinipa uchachu, utamu na uchungu, mengine yote yalitoka kwenye nyusi za mtu. Watu wamelima mwaka mzima nami nawapa alama za kubuni. Niliona haya mpaka nikaenda chooni kulia.

Kisha nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Obuya, mkubwa wetu, nikamwambia yote. Alivua miwani. "Nimekuwa nikingoja uniambie. Tangu Disemba alama zako na za Masila zinafanana kama mapacha, na nyinyi hamkuwa mnakubaliana hata kuhusu chai." Nikamuuliza kama amenifuta. "Enda utibiwe kwanza. Kiti yako iko. Lakini ukirudi utafanya mtihani wa vikombe vitatu kama mtoto wa juzi. Ukianguka, nitakupeleka upande wa makaratasi." Unajua mimi na makaratasi. Mtu akinitoa kwenye ile meza, sijui nitakuwa nani.

Daktari anaitwa Nthenya, ana kliniki ya masikio, pua na koo katikati ya mji, ghorofa ya sita. Ni mwanamke mfupi, haongei sana. Nilianza kumweleza vumbi na aleji, akainua mkono.

"Inaziba side gani?"

"Ya kulia."

"Tangu lini?"

"Juni mwaka jana. Ya kushoto ilifuata Oktoba."

"Na damu?"

"Ya kulia."

Akaweka kalamu chini. "Aleji haichaguangi upande, mama. Pua ikiziba upande mmoja mwaka mzima kwa mtu mzima, na inatoa damu, lazima mtu aingie ndani aangalie. Nani alikuangalia ndani?"

Hakuna aliyeniangalia ndani, Mjomba. Mwaka mzima wa tembe, na hakuna.

Alinipulizia dawa ya ganzi, akaingiza kamera nyembamba kama bua la tambi, akageuza skrini ili nami nione. Upande wa kushoto ulikuwa kichochoro cheusi kilichobanwa. Upande wa kulia hapakuwa na kichochoro. Palikuwa na kitu cha rangi ya waridi iliyochujuka, vidonge vidonge kama zabibu zilizoshindiliwa kwenye kikombe. Kimejaa mpaka kimesukuma ukuta wa katikati, ndiyo maana upande wa pili nao umeanza kufa njaa ya hewa. Nilikitazama, nikafikiri juu ya punje ya mahindi.

Hakukata siku hiyo. Alitaka picha ya CT kwanza, ahakikishe si fundo la mishipa ya damu wala kitu kinachoshuka kutoka kwenye ubongo, maana hivyo ukivigusa kwa pupa unajuta. Picha ilipotoka, alikata kipande kidogo kikaenda maabara. Majibu baada ya wiki mbili.

Muchiri amerudi kutoka kwenye kochi. Anasema nikorome, nisikorome, atalala hapo hapo.

Sijakusamehe kabisa kuhusu mama. Lakini bila wewe ningekuwa bado nasifu mafuta ya taa. Na wewe masikio yako ulipimwa lini?

Njambi

Kimilili
24 Juni 2024

Mwanangu,

Barua yako imesomwa na mimi mara nne, na Rasoa mara moja kwa machozi. Tunangoja pamoja nawe. Nimeacha kusikiliza goti, maana leo lilisema mvua na kuna jua.

Usimwonee haya Masila. Mtu aliyezoea giza hutafuta ukuta kwa mkono.

Nina hofu na sitaificha. Asubuhi nilikuwa nikipogoa mikahawa ile aliyoipanda mama yako nyuma ya jiko, mkasi ukanishinda, nikakaa chini. Ila ninajua tofauti moja. Yeye aliniambia mimi, nami si daktari. Wewe umemwambia mwenye kamera.

Kuhusu masikio, hayamuui mtu. Lakini siku ukikubali kisu, nami nitakubali kupimwa. Usiseme sikutoa kitu.

Nashon

Loresho
5 Julai 2024

Mjomba! Mjomba! Mjomba!

Si saratani! Naandika kwa herufi kubwa ili Auntie aione toka jikoni: SI SARATANI. Pigeni vigelegele huko, hapa Muchiri ameshapiga, na sauti yake si nzuri. Daktari Nthenya alisoma karatasi, mimi nikahesabu vigae vya sakafu, nikafika kumi na saba. Ndipo akasema, "Njambi, leo utakula chakula." Nikamkumbatia kabla hajamaliza sentensi, kalamu yake ikanichora shingoni. Sijaifuta.

Ni uvimbe unaoitwa papiloma iliyopinduka. Chunjua ya kawaida huota kwenda nje, hii huota ikielekea ndani, chini ya ngozi laini ya pua, kama soksi iliyogeuzwa. Ni nadra. Anasema mwaka mzima hukutana na watu wawili au watatu, na wengi wao wamekunywa tembe za aleji mpaka wamezichoka.

Si saratani, lakini si wa kuachwa. Unasukuma mifupa, na mara chache, ukiachwa miaka, hugeuka ukawa kitu kibaya. Na ujanja wake uko hapa: ukikata kinachoonekana tu, unarudi. Lazima umtafute mgeni huyu pale alipojishikiza. Daktari alinionyesha kwenye picha sehemu moja kwenye ukuta wa shavu ambapo mfupa umenenepa kama fundo. "Hapo ndipo amefunga kamba," alisema. Wataingia kwa pua na kamera, bila kunikata uso, waukate, kisha wasage mfupa pale penye fundo mpaka pawe safi.

Nilimuuliza swali moja. Nitanusa? Hakunidanganya. Alisema mishipa ya kunusa iko juu zaidi na kwenye picha inaonekana salama, kilichoharibika ni njia ya hewa, kwa hivyo ana matumaini makubwa. Nikamwambia matumaini makubwa si alama, kule kwetu tunaandika nambari. Akacheka kwa mara ya kwanza.

Ni tarehe thelathini. Nimekubali kisu. Kapimwe masikio.

Njambi

Loresho
9 Septemba 2024

Mjomba mpendwa,

Asante kwa barua zenu mbili na kwa wimbo wa Marafiki ambao Auntie aliuandika wote, beti sita. Muchiri alinisomea hospitalini nikiwa na pamba puani, nisingeweza kuimba hata kwa kulipwa.

Upasuaji ulichukua saa tatu na nusu. Uvimbe wote ulitoka, na maabara wameuchunguza wote, si kile kipande tu: safi, hakuna kilichogeuka. Fundo la mfupa limesagwa. Nitarudi kuangaliwa kwa kamera kila baada ya miezi michache, na baadaye kila mwaka kwa miaka mingi, maana mgeni huyu anajua njia. Kila asubuhi na jioni naosha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Yanaingia huku yanatokea kule. Muchiri anasema ni somo zuri la fizikia.

Nalala kimya kama mtoto. Hewa inapita, Mjomba, siamini jinsi inavyopita, baridi mpaka nyuma ya macho.

Lakini sinusi. Wiki sita. Nimefungua mdalasini, karafuu, sabuni ya kufulia. Napata kama kivuli cha kitu, halafu hakipo. Daktari anasema ndani bado pamevimba na pana magamba, nisubiri. Bwana Obuya hajauliza. Mtihani wangu umewekwa katikati ya Novemba. Kazini napanga vikombe tu, na kuviosha.

Nilitaka kukuandikia habari njema tupu, nikakumbuka kwamba tumechoka na siri. Ndiyo hii basi.

Njambi

Kimilili
4 Novemba 2024

Njambi,

Sisi wazima. Hii hapa kahawa mpya, imetoka kwenye ile mikahawa ya mama yako peke yake. Sina la kusema juu yake. Cheti, tafadhali. Usinipendelee.

Nashon

Loresho
22 Novemba 2024

Mjomba wangu, khocha wangu kwa lugha ya mama, uliyenigombeza mpaka nikapona,

Mimi ni mzima.

Nimeanza na hilo ili prufu yako isinikamate. Sasa nieleze kwa mpangilio.

Jumapili ya pili ya Oktoba nilikuwa nimekaa sebuleni nasahihisha orodha za Bwana Obuya. Ghafla nikajikuta nimesimama katikati ya chumba, bila kujua kwa nini. Muchiri alikuwa jikoni anakaanga kitunguu. Kitunguu! Kilinijia kikiwa kizima, kwanza ukali, halafu utamu, halafu ile harufu ya kuanza kuungua, kwa sababu anapika kwa moto mkali na hasikii akiambiwa. Nikapiga kelele. Akaja mbio na mwiko mkononi akidhani nimeanguka. "Kinaungua!" nikamwambia. Akasema, "Si ni kidogo tu?" kisha akaelewa, akaketi sakafuni na mwiko wake. Tulikila kitunguu hicho kikiwa cheusi, na sijawahi kula chakula kizuri hivyo.

Baada ya hapo vilikuja kimoja kimoja. Chaki kwenye koti la Muchiri. Nyasi za Loresho zikikatwa. Mjini, wino kwenye mlango wa wachapishaji wa River Road nilipokwenda kuuliza vifurushi, nikasimama pale nikakunusa wewe, vile ulivyokuwa unanuka ukirudi kutoka kazini nikiwa mdogo. Karani akaniuliza kama nimepotea.

Mtihani ulikuwa Ijumaa iliyopita. Seti nane, kila seti vikombe vitatu, viwili sawa na kimoja tofauti, nami nikichague hicho kimoja. Chumba kizima kiliacha kazi. Masila alitolewa nje na Bwana Obuya. "Wewe na nyusi zako, toka." Nikazunguka meza peke yangu. Nimechagua vinane, Mjomba. Vinane kwa vinane. Bwana Obuya alivua miwani akaifuta muda mrefu, akasema, "Rudi kwa kiti yako, na uache kunifanyia drama." Masila alikuwa anachungulia kwenye kioo cha mlango, akapiga ngumi hewani mpaka kikombe kikaanguka kule nje.

Jumatatu nikaonja pakiti yako, mbele ya wote, bila kuwaambia ni ya nani. Ulisema nisikupendelee.

Harufu kavu: nzuri, zambarau iliyoiva na ukoko wa sukari. Uchachu: mzuri kuliko wa mwaka wowote. Lakini kahawa ikipoa inatoka harufu ya kitunguu kilichokaa. Si cha jikoni kwetu, ni kile cha maji machafu. Kahawa hii iliachwa kwenye maji yaliyokwisha kutumika, na pipa halikusuguliwa kati ya siku ya kwanza na ya pili. Kosa si la mikahawa. Mikahawa ya mama haina neno. Kosa ni la mwoshaji.

Haina alama. IMEKATALIWA.

Mpwa wako anayekupenda na asiyekupendelea,
Njambi

Kimilili
3 Desemba 2024

Njambi mwanangu,

Oktoba mwanzoni bomba la mradi wa maji lilikauka siku tatu. Niliosha kahawa ya siku ya pili kwa maji ya siku ya kwanza. Nilifanya hivyo jioni, Rasoa akiwa kanisani, na sikumwambia yeye wala jirani wala ng'ombe. Nilijisemea nani atajua. Umejua wewe, ukiwa Nairobi, ukiwa na kijiko.

Nilicheka, nikalia, nikacheka tena. Rasoa alidhani nimepata habari mbaya. Nikamwonyesha lile neno kubwa la mwisho. Akasema, "Amekukataa na unafurahi?" Nikamwambia, huyu anayenikataa ananusa.

Nilitimiza ahadi. Nilipimwa Bungoma, na sasa nina vidude viwili nyuma ya masikio. Kumbe jogoo wetu ana sauti mbaya sana, na miaka hii yote nilikuwa namsifu. Jumamosi kwenye mkutano wa ushirika nilimpa katibu cheti chako akisome, kwa sababu mimi nilitaka kukaa nikisikilize. Alipofika kwenye "kosa ni la mwoshaji," ukumbi wote uliangua kicheko, nami nilikisikia chote, hata cha wale wa nyuma. Wameniita mzee wa kitunguu. Kisha wakapiga makofi, wakasimama, Njambi, kwa ajili yako. Wameomba mwaka ujao uwaonjee wote, na wote wamekwenda kusugua mapipa.

Pipa langu nimelisugua mara tatu. Bomba limerudi.

Kuhusu mama yako, sikuombi unisamehe upesi. Ila barua hiyo yenye cheti nimeibandika ukutani jikoni, pale pale alipokaa akaniapisha, chini ya picha yake. Asubuhi nimesimama mbele yake nikamsomea kwa sauti, taratibu, toka mwanzo. Mstari wako wa kwanza niliusoma mara mbili.

Nanyama, mtoto wako anasema ni mzima.

Mjomba wako,
Nashon